Farasi wa Kingaru na Punda wa Mpwapwa

Katika ada zetu, mtu auguliwapo na ndugu yake hakosi maneno ya kumfariji: huambiwa pole, huombewa afueni, na hata jirani asiyepatana naye hupita mlangoni akasema neno moja la heri kisha akaenda zake. Lakini auguliwapo na mnyama, hususa mnyama wa kupandwa au wa kubebeshwa, ambaye kwa mwenyewe ni mali na pengine ni sahibu pia, mambo hugeuka. Kila apitaye husimama, akamtazama mnyama tangu kwato hata masikio, kisha akatoa hukumu pasipo kuombwa: huyu kapigwa mno, huyu kanyimwa majani, huyu soji limemla mgongo, huyu hana siku mbili, ni wa fisi. Mwenye mnyama husikiliza, na kwa kuwa hana la kujibu ila hasira, hujibu kwa kumlaumu mwingine, aghalabu mchungaji wake. Desturi hii si ya jana, na kama kuna mahali katika bara yetu ambapo masimango ya namna hii yalisemwa kwa miaka mingi na kwa lugha nyingi, na mara nyingi kwa makosa, basi ni Mpwapwa.

Mpwapwa, ambayo wenyeji wake Wagogo waliitamka Mhamvwa kabla ndimi za wageni hazijaipa sura tuijuayo leo, imekaa mahali ambapo milima ya Usagara inakoma na uwanda wa Ugogo unaanza, na kwa kukaa kwake hapo ilikuwa, katika karne ya kumi na tisa, kituo ambacho msafara wowote utokao Bagamoyo au Saadani kwenda Unyanyembe haukuweza kukipita bila ya kutua mizigo. Nyuma yake msafiri alikuwa ameiacha mbuga ya Mkata, ambayo masika huigeuza kuwa kinamasi cha matope ya kufika mapajani, na bonde la Mukondokwa lenye magugu marefu na vivuko vingi, na kisha milima yenyewe; mbele yake ilimngoja nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji ya kunywa, na baada ya nyika hiyo nchi ya watemi wa Ugogo, ambao kila mmoja alidai hongo yake. Kwa hiyo hapa katikati, penye kijito na maziwa na asali na mayai na unga, watu walipumzika siku mbili tatu, wakashona viatu na kufunga mitumba upya. Na hapa ndipo, kwa namna iliyowashangaza wote walioandika habari za njia hii, wanyama wao walipokuwa wakifa, wakati majani yalikuwa tele na mizigo imekwisha kuteremshwa.

Farasi hakuwa mgeni kwa watu wa pwani. Sayyid Said bin Sultan alikuwa nao Unguja, na farasi wa Kiarabu walikuwamo katika zawadi alizozipeleka kwa wakuu wa dola za mbali: mwaka 1840 merikebu yake iitwayo Sultana ilipotia nanga New York ilikuwa imechukua farasi wawili kwa ajili ya Rais wa Marekani, na miaka miwili baadaye wanne wakapelekwa kwa Malkia Victoria. Lakini huyu alikuwa mnyama wa kisiwani na wa heshima. Mtu mwenye akili ya biashara hakumvusha bahari kumwingiza bara. Wenye misafara, wale wasiopenda kwenda kwa miguu, walipanda punda: punda mweupe wa Maskati, ghali na mwenye mwendo laini, au kihongwe wa kawaida, au punda wa Unyamwezi, mwenye nguvu nyingi na inda isiyopungua nguvu zake. Kwamba farasi haishi bara lilikuwa neno lililojulikana sokoni Unguja kama ijulikanavyo bei ya karafuu, wala hapana aliyeona haja ya kulithibitisha.

Aliyeona haja hiyo alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1871 alikuwa Unguja akikusanya vifaa vya safari ya kumtafuta Dokta Livingstone. Alipewa farasi wawili: mmoja wa kijivu, wa Kiarabu, zawadi ya Sayyid Barghash, wa pili mwekundu, aliyeletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema, zawadi ya mfanyabiashara mmoja Mmarekani mkazi wa Unguja, farasi ambaye Stanley alimkadiria kuwa hapungui thamani ya dola 500. Akaonywa kwamba hawatafika mbali. Yeye akasema atajaribu, aone mwenyewe kama ni kweli. Na akaondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi, akiwa amepanda, jambo ambalo katika njia ile lilikuwa la kutazamwa na watu kama harusi.

Hawakufika popote. Walipotua Kingaru, katika nchi ya Ukwere, mwendo wa siku chache tu kutoka pwani, farasi wa kijivu aliugua akafa. Stanley, ambaye hakuwa mtu wa kuacha swali bila ya kulikata kwa kisu, alimpasua akakuta tumbo limejaa minyoo, mingine mifupi minene imeng'ang'ania kwenye utando wa ndani kama ruba, mingine mirefu imefumana ndani ya utumbo. Akaamuru mzoga uzikwe kwa kina, hatua kama ishirini kutoka hemani, kwa hofu kwamba uvundo utaleta maradhi kambini. Na kabla usiku na mchana haujatimia, yule mwekundu naye akamfuata mwenziwe.

Hapo akaja mkubwa wa kijiji, ambaye naye kwa jina la nchi yake aliitwa Kingaru, akiwa na wazee wake, na badala ya kumwambia mgeni pole kwa hasara ya wanyama wawili, alimdai faini ya doti mbili za merikani kwa sababu amezika farasi katika udongo wake bila ya idhini. Stanley aliyaeleza mabishano hayo baadaye kwa namna ya kuwachekesha wasomaji wake, na kweli ni ya kuchekesha: alimwuliza mzee yule kama udongo ni wake, akajibiwa ndio, akasema basi maadamu mwenye udongo hautaki mzoga, askari watafukua sasa hivi, walirudishe shimo kama lilivyokuwa, na farasi abaki juu ya ardhi palepale. Mzee akauona uvundo kabla haujatoka. Akasema la, asifukuliwe, yamekwisha, na tuwe marafiki.

Kila anayesimulia kisa hiki humcheka mzee. Mimi naona amedhulumiwa kidogo. Nchi ile ilikuwa na wenyewe, na katika nchi yenye wenyewe mtu hachimbi shimo, liwe la mtu au la mnyama, bila ya kuuliza. Tena mwenye kijiji hakujua farasi yule amekufa kwa ugonjwa gani, na kama angejua yaliyomo tumboni mwake huenda angedai zaidi ya doti mbili. Kosa lake halikuwa katika dai bali katika saa aliyolitoa, kwani mtu aliyetoka kumfukia mnyama wake huwa bado ana udongo mikononi. Wala Stanley mwenyewe, aliyeumia kwa neno la Kingaru, hakujifunza kutokana nalo: kabla mwezi wa pili haujaisha alikuwa amesimama juu ya mtu mwingine aliyefiwa na wanyama, akimwambia maneno makali kupita yale.

Mtu huyo aliitwa William Farquhar, baharia wa Kiskoti, hodari wa kupima jua na kuhesabu mwendo wa chombo, ambaye Stanley alimwajiri kutoka merikebuni akampa kuongoza msafara wa tatu kati ya misafara yake. Msafara huo uliondoka Bagamoyo tarehe 25 Februari 1871, ukiwa na wapagazi 22, punda kumi, mpishi na askari watatu. Hebu fikiri: mtu ambaye maisha yake yote amekaa juu ya sitaha, anayejua kamba za tanga lakini hajui kamba ya tandiko, anakabidhiwa punda kumi na njia ya majuma mengi ya matope. Stanley alipomfikia huko Kiora, karibu na mto Mukondokwa, alimkuta miguu imemvimba hawezi kusimama, na punda wake karibu wote wamekwisha kufa. Hukumu ikatolewa mara moja, nayo imeandikwa katika kitabu chake kwa watu wote kuisoma: kwamba punda wale waliuawa na ujinga na uvivu wa mchungaji, na uzito wake pia, maana alikuwa mtu mzito wa mwili na hakushuka mgongoni.

Yamkini baadhi ya hayo ni kweli. Soji lisilokaa sawasawa hufanya kidonda siku ya kwanza, na siku ya nne kidonda huwa shimo. Punda asiyefunguliwa mzigo mapema jioni hapati muda wa kula, kwani punda hali usiku karibu na simba. Na mpanda asiyeshuka penye mlima huua mnyama kwa hakika kuliko mwiba wa sumu. Haya wachunga punda wote wayajua. Lakini Stanley naye, pamoja na ukali wake na mpango wake, alipoteza punda vilevile, waliokuwa chini ya mkono wake mwenyewe, wengine hapohapo katika njia ya kwenda Mpwapwa. Na hao hakusema wameuawa na mchungaji. Hao waliuawa na njia.

Mwezi wa Mei wakafika Mpwapwa, na ikadhihirika kwamba Farquhar hawezi kuendelea. Stanley akamwomba mkubwa wa mahali pale, Leukole, amwuguze. Leukole akakubali kwa sharti moja, na kwa sharti hilo amejipatia, kwa maoni yangu, nafasi ya heshima katika habari hizi: alisema hatamchukua mgonjwa ambaye hapana awezaye kusikia maneno yake, lazima abaki naye mtu mmoja anayejua lugha yake, ili akisema panamwuma hapa, ajulikane asemalo. Akaachwa Jako, mmoja wa wachache msafarani waliokijua Kiingereza. Mnyama naye akiumwa hana Jako. Kila aliye karibu humtafsiria kwa kadiri ya tabia yake, mkali akasema anavunga, mpole akasema amechoka, mchungaji akasema ni mzigo na mwenye mzigo akasema ni mchungaji.

Fitina hii ya kutojulikana kama ni fimbo au ni maradhi ilikuwa imekwisha kumsumbua mtu mwenye subira kuliko Stanley. Mwaka 1866 Dokta Livingstone alipoingia bara kwa njia ya Ruvuma alichukua makusudi ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu wa kuzaliwa na punda, na punda wenyewe, apate kujua ni yupi kati yao awezaye kustahimili kuumwa na mbung'o. Lilikuwa jaribio la maana. Lakini askari wa Kihindi aliowakabidhi wanyama hao waliwabebesha kupita kiasi na kuwapiga na kuwachoma, hata walipoanza kufa mmoja mmoja wakiwa na majeraha mwili mzima, mwenyewe akawa hawezi kusema kwa insafu kama wameuawa na inzi au wameuawa na askari. Fimbo iliufuta ushahidi.

Baada ya hapo wakaja watu waliokuwa na imani na gari la ng'ombe. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society aliyekuwa amekaa miaka mingi katika nchi za kusini mwa Afrika, ambako magari yakokotwayo na ng'ombe huvuka jangwa zima, alichukua ng'ombe wanne kutoka pwani ya Saadani mpaka Mpwapwa ili ajaribu njia. Walifika. Wakarudi wakiwa hai. Furaha iliyoingia kwa mabwana zake huko London ilikuwa kubwa, maana ng'ombe mmoja wa gari huondoa wapagazi wengi, na hesabu ya nguo na shanga za kuwalipa wapagazi ilikuwa inawatoa jasho. Basi mwaka uliofuata ikatumwa safari kamili, yenye magari na ng'ombe wengi na waendeshaji wa kutoka kusini. Wakati huohuo Alexander Mackay, fundi wa Church Missionary Society, alikuwa akikata miti na kufungua barabara ya maili 230 kutoka Saadani hadi Mpwapwa, ambayo mpaka leo ni kazi ya kustaajabiwa kwa mtu aliyekuwa na mashoka tu na watu wa kuajiriwa.

Ng'ombe wakafa kwa makundi, wa Price na wa Mackay pia. Magari yakakwama njiani, mzigo ukarudi juu ya vichwa vya wapagazi, na hapo ndipo maneno yalipoanza, safari hii kati ya watu wa dini. Waliozoea mtindo wa kusini walisema ng'ombe hawa wa pwani hawakufundishwa nira vizuri na wenyeji hawajui kukokota. Waliozoea pwani walisema mtindo wa kusini hauna mahali pake huku. Wengine wakamgeukia Price mwenyewe, kwamba jaribio la ng'ombe wanne limegharimu fedha za safari nzima. Price alirudi Uingereza. Ajabu ni kwamba jaribio lake halikuwa la uongo, na mtu aliyelifanya hakudanganya hata neno moja. Wale wanne kweli walirudi hai.

Siwezi kupita bila ya kuwataja ndovu, ijapokuwa kisa chao kinataka makala yake. Mwaka 1879 Leopold, Mfalme wa Wabelgiji, alileta ndovu wanne kutoka Bara Hindi pamoja na wachungaji wao, chini ya Kapteni Carter, wakateremshwa Msasani karibu na Dar es Salaam na kuongozwa bara. Walivuka nchi ya mbung'o bila ya kuonekana wamedhurika, na watu wakapiga makofi. Walipofika Mpwapwa na kupumzishwa, mmoja akaanguka akafa. Mzigo, malisho, jua, mwendo: hoja zilizoelezwa zikawa zilezile za miaka minane nyuma, ila sasa mnyama alikuwa mkubwa zaidi. Mmoja tu kati ya wanne alifika Karema, kwenye ziwa Tanganyika, na Carter mwenyewe akauawa mwaka 1880 akiwa katika njia ya kurudi.

Jibu la sehemu kubwa ya mafumbo haya lilipatikana mbali na hapa. Mnamo 1894 na 1895, huko Ubombo katika nchi ya Wazulu, daktari wa jeshi David Bruce aliona kwa hadubini kijidudu chenye mkia kikiogelea katika damu ya ng'ombe na farasi wagonjwa, na akathibitisha kwamba mbung'o ndiye akichukuaye kutoka kwa mnyama mmoja na kumtia mwingine. Lakini lililo muhimu kwa msomaji wa habari za Mpwapwa ni jambo jingine la ugonjwa huu: hauui papo hapo. Mnyama aliyeumwa huendelea na safari siku nyingi akila na kubeba kama kawaida. Kisha homa humpanda na kushuka, manyoya husimama, macho huingia utando, miguu na tumbo la chini huvimba, na mwili hukonda ilhali bado anakula, ndipo hatimaye huanguka. Kwa farasi huwa majuma machache. Kwa ng'ombe na punda huweza kuwa zaidi, pengine miezi.

Sasa tia hesabu hiyo juu ya njia. Mnyama aumwe na mbung'o katika vichaka vya nyuma ya pwani au pembeni mwa mbuga ya Mkata, kisha ahesabiwe majuma ya mwendo wa msafara: afika wapi siku zake zinapokwisha? Afika Mpwapwa. Hapo mzigo umeshatuliwa, majani yapo, maji yapo, na mchungaji amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Bagamoyo. Naye aonekanaye amelala wakati punda anakufa ndiye apatikanaye na hatia. Ng'ombe wanne wa Price walikwenda na kurudi upesi, wakiwa wachache, pengine inzi hawakuwapata, pengine waliwapata na siku zao hazijatimia. Punda wa Farquhar walikuwa na majuma mengi tangu Bagamoyo hata Kiora. Sisemi kwamba Mskoti yule alikuwa mchungaji mwema. Nasema kwamba kwa ugonjwa huu hata mchungaji mwema angefika Mpwapwa akiwa na hatamu mkononi pasipo punda.

Na wenyeji je, walijua? Wafugaji wa bara walijua la kutosha. Walimjua ndorobo, yaani huyo mbung'o, kwa jina na kwa mahali pake. Walijua kichaka gani ni chake na uwanda gani si wake. Wakachunga ng'ombe peupe, wakachoma na kukata vichaka vilivyokaribia maboma, na ilipolazimu kuvusha mifugo katika msitu wenye inzi walivusha usiku, wakati inzi hawaumi. Hawakuwa na hadubini, ila mali yao yote ilikuwa na kwato, na mtu ambaye mahari ya mwanawe inatembea kwa miguu minne hujifunza upesi. Wasafiri walipita mchana, kwa tarumbeta na bendera, katikati ya kichaka kilekile, kisha jioni wakaandika kwamba Waafrika hawajui kutunza wanyama.

Kwa sababu gani Wadachi waliichagua Mpwapwa, mwaka 1905, kuwa mahali pa maabara yao ya magonjwa ya mifugo, ni rahisi kufahamu: nchi ya ng'ombe, hewa kavu, karibu na njia kuu, na kumbukumbu ya sotoka, iliyofagia mazizi ya bara mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa bado mbichi. Hivyo mahali palipokuwa mashuhuri kwa mizoga pakawa mahali pa kupasulia mizoga kwa elimu, na swali la fimbo au maradhi likaanza kuulizwa kwa kuchukua tone la damu sikioni.

Hata hivyo elimu haikuwaokoa farasi waliokuja baadaye kwa wingi ambao njia hii haijapata kuuona. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Jenerali van Deventer alishuka kutoka Kondoa na wapanda farasi wa Afrika Kusini, akaichukua Dodoma mwishoni mwa Julai na Mpwapwa katikati ya Agosti. Wakubwa wa jeshi lile walikuwa wakulima na wafugaji, waliomjua farasi tangu utotoni, na habari ya Bruce ilikuwa na umri wa miaka ishirini na zaidi; walijua kwamba wanawaingiza wanyama wao katika inzi, na pia katika ule ugonjwa mwingine wa farasi uenezwao na usubi wakati wa mvua, ambao humjaza povu puani akafa kwa siku chache. Waliwaingiza. Farasi wakafa kwa maelfu kote walikopita, na katika vita ile hapakuwa na mabishano juu ya nani kawatunza vibaya, kwa kuwa wengine walikuwa njiani wanaletwa.

Baada ya vita Waingereza waliiendeleza Mpwapwa ikawa makao ya idara ya mifugo ya Tanganyika. Hapa alifanya kazi H. E. Hornby, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa idara hiyo na aliyetumia maisha yake kuuchunguza ugonjwa wa ndorobo, akauandikia kitabu; hapa R. R. Staples, katika miaka ya 1930, alipima ni maji kiasi gani na udongo kiasi gani huchukuliwa na mvua katika ardhi iliyolishwa mpaka ikabaki tupu. Na hapa akatengenezwa, kwa kuchanganya kwa miaka mingi damu ya Sindhi Mwekundu, Sahiwal, ng'ombe wetu wa nundu, Boran na kidogo ya Ulaya, yule ng'ombe wa maziwa na nyama aitwaye kwa jina la mji, Mpwapwa. Dawa nazo zikaja. Tangu miaka ya 1950 Berenil imekuwa neno la kawaida katika vinywa vya wafugaji kama neno chumvi, japo wataalamu huonya kwamba farasi na punda hawaistahimili kama ng'ombe, na anayemdunga punda kwa kipimo cha ng'ombe aweza kumwua kwa dawa baada ya inzi kushindwa.

Mtu akienda leo mnadani katika nchi hii ya Ugogo atawaona punda wamefungwa kivulini, migongo mingine mizima na mingine ina makovu meupe ya matandiko ya zamani, na akikaa kidogo atasikia maneno yaleyale ya njia ya misafara, mtu akimsimanga mwenziwe kwa punda aliyekonda. Ila sasa aghalabu mmoja wao husema, mwite bwana mifugo ampime damu. Neno hilo halikuwapo siku ya Farquhar, na lingekuwapo lingemwondolea mtu mgonjwa mzigo mmoja katika ile aliyokuwa nayo.

Maana Farquhar hakupona. Alikufa Mpwapwa siku chache baada ya kuachwa, na Stanley aliporudi kutoka Unyanyembe mwaka 1872, akiwa amekwisha kumwona Livingstone, aliuliza kaburi liko wapi. Leukole akamwongoza. Maiti haikuzikwa kwa kaburi la maana bali ilivutwa ikalazwa mwituni, na walipotafuta hawakupata hata mfupa. Basi askari hamsini wakabeba mawe kwa siku mbili, wakajenga rundo la urefu wa futi 8 na upana wa futi 5. Farasi wa kijivu wa Sayyid Barghash alikuwa amekwisha kupata kaburi la kuchimbwa tangu mwaka uliotangulia, huko Kingaru, hatua ishirini kutoka hemani, na zile doti mbili hazikulipwa.